Theluji huficha, baridi hufichua: Kuuza nyumba Januari mjini Minneapolis

Alfajiri ya Januari 30, 2019, baridi mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Kwa sababu ya upepo, aliyekuwa nje alihisi nyuzi 48 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na Posta ya Marekani ikasitisha kusambaza barua jimboni humo siku hiyo. Katika hali kama hiyo, ngozi isiyofunikwa huanza kuganda ndani ya dakika chache tu.

Hata majira ya baridi yanapofika, vibao vya "Inauzwa" having'olewi. Hubaki vimesimama katikati ya theluji, na wenye nyumba huendelea kusubiri simu ya dalali akiwaarifu kwamba kuna mnunuzi anayetaka kuja kutazama.

Msimu mkubwa wa kuuza nyumba Minnesota ni majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, wakati nyasi zimerudi kijani na wazazi wanataka kuhama kabla shule hazijafunguliwa. Maisha, hata hivyo, hayafuati kalenda ya soko. Mfanyakazi wa kampuni kama 3M au Target, au wa hospitali ya Mayo Clinic, anaweza kuhamishwa Desemba. Mzee hufariki na kuwaachia watoto nyumba wanayopaswa kugawana. Ndoa huvunjika, mtoto wa tatu huzaliwa, kazi mpya hupatikana Arizona. Kwa watu hawa kusubiri Mei ni anasa.

Mnunuzi wa Januari naye si mtembezi wa Jumapili anayepitisha muda. Mtu anayevaa makoti mawili na kuendesha gari juu ya barafu ili aone vyumba vitatu vya kulala ana haja ya kweli, na mara nyingi tayari ana barua ya benki inayomwidhinishia mkopo mkononi. Nyumba zinazoshindana nawe ni chache, lakini macho yanayoikagua yako ni makali zaidi.

Suala hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini mwa Minneapolis, vina jamii kubwa ya Wakenya. Novemba 2024, wapiga kura wa Brooklyn Park walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Wapo huko wauguzi, madereva, walimu na wenye biashara za kutunza wazee, na wengi wamenunua nyumba zao za kwanza. Kununua ni hatua moja. Kuuza katika eneo ambalo wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na theluji ya mwaka hufikia takribani sentimita 130, ni elimu nyingine kabisa.

Elimu hiyo inaweza kuelezwa kwa ufupi. Theluji huficha sehemu ya nje ya nyumba: paa, bustani, njia ya gari, kiyoyozi. Baridi, kwa upande wake, hufichua ndani: dirisha linalopitisha upepo, hita iliyochoka, bomba lililopitishwa mahali pasipofaa. Muuzaji wa majira ya baridi ana kazi mbili. Lazima aonyeshe kwa ushahidi kile kilichofunikwa, na arekebishe kile ambacho hakiwezi tena kufichika.

Njia ya kufika mlangoni

Ziara ya mnunuzi huanza pale anapofungua mlango wa gari lake. Kama mguu wa kwanza unazama kwenye theluji hadi gotini, ameshaanza kuhesabu makosa.

Sheria za mji wa Minneapolis zinamtaka mwenye nyumba ya familia moja au mbili aondoe theluji na barafu kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya kiwanja chake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Kwa anayeuza nyumba, hicho ni kiwango cha chini. Madalali wazoefu hushauri njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni isafishwe hadi ionekane saruji yenyewe, na iwe pana kiasi cha watu wawili kutembea sambamba, kwa sababu wanunuzi wengi huja mume na mke, pamoja na dalali wao. Njia ya kuelekea gereji na ya kuzunguka nyumba hadi uani isafishwe pia. Mkaguzi atataka kuzunguka, na asipoweza, ataandika katika ripoti yake kwamba upande fulani haukukaguliwa.

Chumvi ina mipaka yake. Chumvi ya kawaida ya barabarani hupoteza nguvu baridi inapozidi nyuzi 9 chini ya sifuri, yaani siku zile hasa ambazo barafu ni hatari zaidi. Kloridi ya kalsiamu huyeyusha barafu kwenye baridi kali zaidi, na inaposhindikana kabisa, mchanga husaidia kiatu kushika. Kumwaga chumvi ndoo nzima hakuongezi usalama. Wakala wa Kudhibiti Uchafuzi wa Minnesota umekuwa ukiwakumbusha wakazi kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua kabisa takribani lita 19 za maji, na chumvi hiyo huishia katika maziwa na mito ambayo jimbo hilo linajivunia. Isitoshe, huingia ndani kwa viatu na kuacha madoa meupe kwenye sakafu ya mbao.

Jambo jingine ambalo mgeni hulisahau ni maegesho. Theluji nyingi inapoanguka, Minneapolis hutangaza dharura ya theluji inayofuata utaratibu wa siku tatu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zilizotengwa kwa dharura. Siku ya pili na ya tatu zuio huhamia barabara nyingine, kwanza upande wa nyumba zenye namba shufwa, kisha upande wa namba witiri. Gari linalokiuka huvutwa. Muuzaji anayejali humwambia dalali mapema wageni waegeshe wapi, au huondoa magari yake mwenyewe ili njia ya gereji ibaki wazi kwa wageni. Mnunuzi aliyekuta gari lake limevutwa hatalikumbuka jiko zuri aliloliona.

Kisanduku cha ufunguo kinachoning'inizwa mlangoni nacho huganda. Unyevu ukiingia ndani yake, dalali anaweza kusimama kwenye upepo dakika kumi akihangaika nacho huku mteja wake akitetemeka. Kukifunika, au kukihamishia mahali palipokingwa na upepo, ni kazi ndogo inayookoa ziara nzima.

Paa lisiloonekana

Mkaguzi wa nyumba hawezi kukagua paa lililofunikwa na sentimita 40 za theluji. Hawezi pia kuwasha kiyoyozi, kwa kuwa kukiwasha wakati nje joto liko chini ya nyuzi 16 hivi kunaweza kuharibu kompresa. Hawezi kuona nyufa za njia ya gari wala mteremko wa ardhi unaopeleka maji ya mvua mbali na msingi. Yote haya yataingia katika ripoti yake kama mambo yasiyojulikana, na mnunuzi huyapa yasiyojulikana bei yake.

Dawa yake ni ushahidi. Picha za paa, bustani na ua zilizopigwa Julai, zikiandikwa wazi kwamba ni za kiangazi. Stakabadhi ya fundi aliyeezeka paa, ikionyesha mwaka. Hati ya huduma ya mwisho ya kiyoyozi. Mchoro mdogo wa bustani unaoonyesha ni wapi maua yatachipuka theluji ikiyeyuka. Faili la namna hiyo likikaa juu ya meza ya jikoni hujibu maswali kabla hayajaulizwa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo paa lenye theluji husema bila kuficha, na wanunuzi waliokulia Minnesota wanajua kulisoma. Asubuhi baada ya theluji, tazama mtaa mzima. Nyumba ambayo theluji yake imeyeyuka juu ya paa wakati za majirani bado ni nyeupe inapoteza joto kupitia darini.

Joto hilo ndilo chanzo cha tatizo linaloogopwa sana na wenye nyumba wa jimbo hilo. Theluji ya juu ya paa huyeyuka kwa joto linalopanda kutoka vyumbani. Maji huteremka hadi ukingoni, sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta ambako hakuna joto, na huko huganda tena. Siku baada ya siku ukingo huo wa barafu huinuka, hadi unazuia maji nyuma yake kama tuta la jaruba la mpunga. Maji yaliyokosa pa kwenda hupenya chini ya vigae na kushuka ndani, na dari ya sebuleni huanza kuonyesha doa la kahawia.

Wako wanaopanda ngazi na kuishambulia barafu hiyo kwa shoka au nyundo. Huvunja vigae, na baadhi yao huanguka. Njia salama ni kuita kampuni inayoiyeyusha kwa mvuke, kisha kuikokota theluji iliyobaki kwa reki ndefu maalumu mtu akiwa amesimama ardhini. Lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba iko darini: kuziba matundu yanayopitisha hewa ya moto kuzunguka taa, mabomba na mlango wa dari, kuongeza tabaka la kuzuia joto, na kuhakikisha hewa baridi inapita vizuri chini ya paa. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka nyumba mpya iwe na tabaka la darini lenye kiwango cha kuzuia joto cha R-49, ambacho ni takribani sentimita 35 za selulosi iliyopuliziwa. Nyumba nyingi za zamani zina chini ya hapo. Kwa anayeuza, stakabadhi ya kazi hiyo ina uzito kuliko rangi mpya ya sebuleni, kwa sababu mnunuzi anajua itamwokoa bili za gesi kila Januari.

Hita, madirisha na hewa inayopumuliwa

Ndani, mnunuzi wa majira ya baridi hupima nyumba kwa ngozi yake. Huingia akiwa na baridi, na katika dakika ya kwanza mwili wake unaamua kama humo ndani panakalika. Kwa hiyo joto liwekwe kwenye nyuzi 20 au 21 saa kadhaa kabla ya ziara. Nyumba iliyopoa hadi nyuzi 14 ili kubana bili haipati joto kwa dakika kumi, kwa kuwa kuta, sakafu na makochi navyo vimepoa.

Hita ya gesi inapaswa kufanyiwa huduma kabla msimu haujaanza, chujio lake libadilishwe, na kadi ya fundi iachwe imening'inia pembeni yake. Nyumba nyingi za sasa zina hita za ufanisi mkubwa ambazo hutoa moshi kupitia mabomba ya plastiki yaliyotokeza ukutani, wakati mwingine karibu na ardhi. Theluji ikiyafunika, hita huzimika, na moshi unaweza kurudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu na inayoua. Kuyafukua mabomba hayo baada ya kila theluji ni wajibu wa mwenye nyumba, iwe inauzwa au haiuzwi. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksaidi ndani ya futi 10, yaani kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Hilo ni miongoni mwa mambo ambayo mkaguzi huyatazama mapema.

Madirisha hueleza hadithi ya unyevu. Mvuke wa kuoga, kupika, kufua na kupumua hukutana na kioo baridi na kugeuka maji, kisha barafu, kwa upande wa ndani. Mnunuzi akiona barafu kwenye kioo hufikiri madirisha yamechakaa, wakati tatizo huenda ni unyevu mwingi tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliweka vipimo vinavyotumika hadi leo: nje kukiwa na baridi kati ya nyuzi 23 na 29 chini ya sifuri, unyevu wa ndani usizidi asilimia 20; baridi ikizidi hapo, usizidi asilimia 15. Kifaa cha kupimia unyevu hakigharimu sana. Feni ya bafuni iwashwe, kifaa cha kuongezea unyevu kipunguzwe, mapazia yafunguliwe mchana ili hewa ya moto ifike kwenye kioo, na fremu zenye ukungu zisafishwe na kukaushwa kabla ya picha kupigwa.

Kwa miezi minne au mitano madirisha hayafunguliwi, kwa hiyo kila kinachopikwa hukaa. Harufu ya samaki wa kukaanga au vitunguu vya pilau huingia kwenye zulia, mapazia na chujio la hita, na mwenye nyumba aliyeizoea haisikii tena. Wiki za ziara ni wakati wa kupika kwa feni inayotoa hewa nje, kuosha mazulia mapema na kubadilisha chujio mara kwa mara. Manukato makali hayasaidii. Humfanya mgeni ajiulize kinafichwa nini.

Maji ndani ya kuta

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Ndani ya bomba, barafu inayotanuka husukuma maji kuelekea koki iliyofungwa, shinikizo hupanda, na bomba hupasuka. Mara nyingi hupasuka mbali kidogo na pale barafu ilipo, na kuvuja huanza tu barafu inapoyeyuka. Ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kulala salama usiku wa baridi na kuamka mchana wa joto akiwa na mafuriko.

Nyumba za Minnesota zimejengwa kwa kuzingatia baridi kali. Misingi huchimbwa chini ya mstari wa kuganda kwa ardhi, ambao kanuni za jimbo zimeuweka kwenye inchi 42, kama sentimita 107, upande wa kusini, na inchi 60, kama sentimita 152, kaskazini. Huko kaskazini ndiko uliko mji wa Tower, ambako Februari 2, 1996 ilipimwa baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri, rekodi ya jimbo zima.

Nyumba za jimbo la kusini la Texas hazikujengwa hivyo. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipofika huko, Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Zaidi ya wateja milioni 4.5 walikosa umeme, mabomba yaliyopitishwa darini na kwenye kuta za nje yakapasuka katika nyumba zisizohesabika, na hesabu rasmi ya jimbo ikataja vifo 246. Waafrika Mashariki wa Dallas na Houston walijionea wenyewe dari zikianguka na mazulia yakielea. Tangu hapo, mnunuzi wa Texas huuliza mabomba yamepita wapi, na muuzaji wa huko anahitaji kuwa na jibu sawa na wa Minnesota.

Maandalizi yenyewe si magumu. Mipira ya kumwagilia bustani iondolewe na koki za nje zifungwe kutokea ndani wakati wa Oktoba. Usiku wa baridi kali, milango ya makabati yaliyo chini ya sinki zilizo kwenye ukuta wa nje iachwe wazi ili joto lifike kwenye mabomba. Mabomba ya gereji na ya chini ya sakafu yavishwe sponji. Na valvu kuu ya maji iwekewe kibandiko kinachosomeka, kila mtu nyumbani ajue ilipo, na dalali aonyeshwe pia.

Karatasi zinazotakiwa

Tangu 2003, sheria ya Minnesota inamtaka muuzaji wa nyumba ya kuishi aeleze kwa maandishi mambo yote muhimu anayoyajua ambayo yanaweza kuathiri vibaya matumizi ya mnunuzi. Kama maji yaliwahi kuvuja kutoka kwenye barafu ya paa mwaka 2019, hilo huandikwa, na chini yake huandikwa lililofanyika kurekebisha. Kulipaka rangi doa la dari na kunyamaza ni kujitafutia kesi.

Mji wa Minneapolis unaongeza sharti lake. Kabla nyumba ya familia moja au mbili haijaonyeshwa kwa wanunuzi, lazima ikaguliwe na mtathmini mwenye leseni ya mji, na ripoti yake iwepo nyumbani wakati wa ziara. Kuanzia 2020 tathmini hiyo inagusa pia nishati: tabaka la darini, kuta, madirisha na hita. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 zina sharti jingine, la sheria ya nchi nzima, kwamba mnunuzi aarifiwe kuhusu rangi yenye madini ya risasi.

Halafu kuna radoni. Hii ni gesi ya mionzi itokayo ardhini, isiyoonekana wala kunuka, ambayo hupenya kwenye nyufa za msingi na kukusanyika katika vyumba vya chini. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili katika kila tano jimboni humo zina kiwango cha pikokuri 4 kwa lita au zaidi, kile ambacho serikali ya Marekani inashauri kirekebishwe. Radoni ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya mapafu kwa watu wasiovuta sigara, na makadirio ya serikali ni kwamba huchangia vifo 21,000 kwa mwaka nchini Marekani. Tangu Januari 1, 2014, muuzaji wa Minnesota anatakiwa kumpa mnunuzi onyo la maandishi kuhusu radoni pamoja na matokeo ya vipimo vyote anavyovijua.

Hapa majira ya baridi yana faida. Kipimo cha muda mfupi kinahitaji madirisha na milango ikae imefungwa saa 12 kabla na muda wote wa kupima, hali ambayo nyumba ya Januari inayo tayari. Kwa kuwa nyumba imefungwa na joto linapanda, viwango huwa juu, kwa hiyo anayepata matokeo mazuri Januari anaweza kuyaonyesha kwa kujiamini. Aliyepata matokeo mabaya huweka bomba na feni inayonyonya gesi chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa, kisha hupima tena na kuonyesha karatasi zote mbili.

Kazi nyingine haziwezekani hadi joto lirudi. Rangi ya nje haishiki kwenye baridi kali, na njia ya gari haimwagwi saruji juu ya ardhi iliyoganda. Badala ya kuahirisha mauzo, pande mbili zinaweza kukubaliana kiasi cha fedha kiwekwe chini ya uangalizi wa mtu wa tatu hadi kazi ikamilike. Mikopo inayodhaminiwa na shirika la serikali la FHA inaruhusu utaratibu huo kwa matengenezo yaliyokwamishwa na hali ya hewa.

Mwanga wa saa nane na dakika arobaini na sita

Desemba 21, mchana wa Minneapolis huwa na urefu wa saa 8 na dakika 46 tu. Jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, kabla watu wengi hawajatoka kazini. Maana yake ni kwamba ziara nyingi za siku za kazi hufanyika gizani.

Kwa hiyo taa ni sehemu ya matengenezo. Balbu zilizokufa zibadilishwe, zote ndani ya chumba kimoja ziwe za rangi ileile, na kila taa iwashwe kabla mgeni hajafika, hata ya kabati na ya chumba cha chini ya ardhi. Taa ya barazani iwake, na namba ya nyumba isomeke kutoka barabarani bila kuzuiwa na lundo la theluji. Picha za ndani zipigwe kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, siku yenye jua, madirisha yakiwa yamesafishwa. Mng'ao wa theluji iliyo nje huingiza mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Minnesota, kama katika nyumba nyingi za Waswahili, mgeni huvua viatu mlangoni. Siku ya ziara panahitajika nafasi ya kufanyia hivyo: benchi la kukalia, sinia pana la kuwekea viatu vinavyochuruzika maji, zulia linalonyonya unyevu, na ndoano tupu za makoti. Makoti, mabegi ya shule na viatu vya theluji vya familia yenyewe vihamishiwe gereji, maana vazi la baridi hujaza nafasi na kuufanya ukumbi mdogo uonekane finyu zaidi.

Hatari ya nyumba tupu

Wakati mbaya kuliko yote huja pale ambapo familia imeshahama lakini hati bado hazijasainiwa. Hakuna anayesikia hita ikizimika. Hakuna anayeona tone la kwanza. Sera nyingi za bima hupunguza au kuondoa fidia nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 30 au 60, au mwenye nyumba asipoweza kuthibitisha kwamba aliacha joto likiwaka. Kumpigia wakala wa bima kabla ya kuhama ni lazima.

Umeme na gesi visikatwe hadi siku ya kusaini. Joto lisishushwe chini ya nyuzi 13. Kama hakuna ziara zinazotarajiwa, valvu kuu ifungwe na maji yaliyomo kwenye mabomba yatolewe. Na mtu, awe jirani, ndugu au dalali, aingie ndani kila siku baridi inapokuwa kali. Vipo vifaa vidogo vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto la nyumba likishuka, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kubadilisha sakafu nzima.

Januari 2019 ilionyesha kwamba hata mwenye nyumba aliyefanya yote haya anaweza kushtukizwa. Katika eneo la Princeton, kaskazini mwa Minneapolis, nyumba zaidi ya 100 zilikosa gesi ya kupashia joto wakati baridi ilipofikia kilele, na wateja wa maeneo jirani wakaombwa washushe joto la nyumba zao ili gesi iwatoshe wote. Nyumba yenye mtu ndani angalau ina wa kuchukua hatua. Nyumba tupu haina mtu wa kuiokoa.

Anayekusudia kuuza mwezi wa Januari, basi, aanze Oktoba. Apige picha za paa na ua kabla theluji haijaanguka, na asisubiri Novemba: dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991 iliiangushia Minneapolis zaidi ya sentimita 70 za theluji kwa siku chache. Aite fundi wa hita, afunge koki za nje, apande darini na tochi aone tabaka la kuzuia joto lina unene gani, kisha anunue kipimo cha radoni, ambacho ofisi nyingi za afya za kaunti hukitoa kwa bei nafuu. Karatasi zote azitie katika faili moja. Mnunuzi atakayeingia Januari akiwa na theluji kwenye viatu ana haki ya kuliona faili hilo, na muuzaji aliyeliandaa hana sababu ya kupunguza bei kwa ajili ya majira ya mwaka.